Picha ya Pili

"Vuta pumzi, Bibi. Vuta zaidi. Haya, shikilia hapohapo."

Mama Kijiko alivuta. Kifua chake kilikuwa kimebanwa kwenye ubao wa mashine, baridi kama sufuria iliyolala nje, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko vimesukumwa mbele kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Barakoa ilimfunika kuanzia chini ya macho. Kofia ya karatasi ilimfunika kuanzia juu ya nyusi. Kilichobaki kilifunikwa na gauni la bluu, lile la kufungwa mgongoni kwa kamba. Ndani ya mavazi yale kila mwanamke alikuwa namba tu, na namba iliyoning'inia shingoni mwake haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake.

Picha yake mwenyewe alikuwa ameshaimaliza asubuhi, kwenye ubao uleule. Mpiga picha wa asubuhi alikwisha kwenda zake. Huyu wa mchana ndiyo kwanza aingie, na hakuwa amemwona.

Ndipo mtoto alipolia huko nje, kwenye korido.

Kilio kile angekitambua hata sokoni, hata chini ya radi. Na kabla hajajiambia lolote, matiti yakamjibu mtoto. Alisikia yakichomachoma, kisha maziwa yakashuka, ya moto, yakapenya gauni, yakagusa ubao. Mungu wangu. Mwanamke mwenye mvi, mwenye miaka ya kuitwa bibi, anavuja maziwa!

"Usitikisike," sauti ilisema nyuma ya kioo.

Hakutikisika. Mashine ililia mara moja, mlio mfupi kama wa panya.

"Haya, pumua."

Aligeuka huku amekumbatia kifua, na kwa kiwiko akaufuta ubao. Mpiga picha alitoka na kijiti cha meno mdomoni, macho yamebaki kwenye kompyuta.

"Hongera, Bibi. Hiki kifua cha binti kabisa. Unakula nini wewe?"

"Mungu tu, mwanangu," alijibu, akiivuta sauti kutoka kooni, mahali ambapo alidhani uzee hukaa.

Mpiga picha akacheka. Mama Kijiko alifika mlangoni ndipo akakumbuka kujikunja mgongo.

Korido ilikuwa ndefu, kuta zimepakwa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu. Mwisho kabisa wa benchi alikaa Bibi, mama mkwe mwenyewe, mtandio umevutwa hadi mdomoni, na Kijiko mapajani anapiga goti la bibi yake kwa kile kijiko cha bati alichopewa tangu alipoanza kula uji. Hakuachana nacho usingizini wala bafuni, na ndicho kilichompa jina.

"Imekwisha?" Bibi alinong'ona.

"Imekwisha, mama."

Bibi alifungua mdomo ashukuru, kikohozi kikamtangulia. Alikimeza nusu, nusu akaikohoa ndani ya mtandio, mabega yakiruka. Mama Kijiko alitazama huku na huku. Hakuna aliyegeuka. Katika kituo kile kila mtu alijifunza kutosikia kikohozi cha mwenzake.

*

Kilikuwa kituo cha kupokelea wageni. Kila aliyevuka mpaka akitaka kukaa alipitia hapo kwanza, na kitu cha kwanza kilichotazamwa kilikuwa kifua, hata kabla ya kuulizwa unajua kazi gani. Walitafuta kifua kikuu: kile kinachokohoa na kile kilicholala. Waliopita walipandishwa basi wakapelekwa kwa ndugu zao. Wasiopita, hakuna aliyejua kwa hakika, na pale pasipo na hakika maneno hujaa.

Mwenzao wa chumba, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi waliyemwita Msusi kwa sababu alikwisha kusuka nusu ya kituo, alikuwa na maneno ya kila aina.

"Yule wa chumba cha mwisho walimwambia anakwenda kupumzika," alisema huku akimchambua Mama Kijiko nywele. "Kupumzika! Mimi sijaona hata sahani yake ikirudi."

"Acha kunitisha, dada."

"Nani anakutisha? Nakusuka. Inamisha kichwa."

Bibi, kitandani, hakucheka. Jioni hiyohiyo, siku moja kabla ya picha, alimfuata mkwewe kwenye chumba cha kufulia, akamshika kiwiko kwa mkono uliolowa.

"Mwanangu, mashine ile mimi siingii."

"Mama, kila mtu anaingia."

"Baba mkwe wako naye aliingia. Walisema wanamtazama kifua. Nilirudishiwa shuka." Maji yalidondoka bombani. "Wakiona nina kifua watanirudisha. Na huko nyuma yangu sina hata mlango wa kugonga. Wewe ni mzima. Tumelingana urefu. Ukivaa lile gauni, nani atajua?"

Hakusema zaidi. Hakusema kwamba ni yeye aliyembeba Kijiko mgongoni mkwewe alipokuwa akisoma shule ya jioni. Kwamba alisimama nje ya dirisha la darasa, mvua inyeshe isinyeshe, ili kengele ya mapumziko ikilia mtoto apewe ziwa na mama arudi kwenye hesabu zake. Wanafunzi wenzake walizoea kuuona uso ule dirishani wakauita mwalimu msaidizi. Hakusema hayo. Mama Kijiko aliyakumbuka mwenyewe, na mtu ukimkumbuka hivyo utamwambiaje hapana? Isitoshe, alijiambia ni moshi. Miaka yote ile ya kupuliza kuni mbichi, nani asingekohoa?

Alijiambia hivyo tena alipokuwa akivua gauni lililolowa maziwa. Safari hii maneno yalikuja polepole.

*

Watoto wadogo walianzia mkononi. Nesi mmoja ndiye aliyeishughulikia mikono, basi kituo kizima kilimwita Nesi wa Mikono, na yeye aliitikia. Alimdunga Kijiko sindano nyembamba chini ya ngozi, palepale juu ya kifundo, pakatoka kilengelenge cheupe kama jicho la dagaa.

"Msipakune, msipapake kitu. Keshokutwa mniletee nipasome."

Siku ya pili palikuwa pekundu. Siku ya kusomwa palivimba, pagumu, pana kama kifuniko cha chupa. Bibi alipapapasa kwa kidole gumba.

"Mbu," alisema.

"Mbu gani wa kuuma alama ya sindano, mama?"

"Mbu ana adabu gani?"

Msusi alichungulia, akafunga mdomo. Simu ikalia wakati huohuo. Alikuwa Baba Kijiko, aliyewatangulia kuvuka mpaka na kupata kazi kwenye tanuri la mikate, sauti yake ikija na mlio wa mabati nyuma yake.

"Nimempatia kitanda," alisema kwa furaha. "Kidogo, kina vizuizi, hataanguka. Mnakuja na basi la Alhamisi, siyo? Mama anakohoa bado?"

Bibi alinyoosha mkono, akaichukua simu. "Vumbi tu, mwanangu. Hapa wanafagia kama wanamfukuza mtu."

*

Nesi wa Mikono alipitisha kidole kwenye uvimbe, akaweka alama kwa kalamu huku na huku, akapima kwa rula ya plastiki. Kisha akapima tena. Mama Kijiko aliwahi kufanya mtihani mara nyingi. Alijua maana ya mwalimu kurudia kusahihisha.

"Huyu ameguswa," nesi alisema.

"Ameguswa na nini?"

"Keti, mama."

Aliketi. Kijiko aligonga ukingo wa kitanda cha wagonjwa kwa kijiko chake, ting, ting, ting.

"Chanjo ya utotoni huinua ngozi kidogo, lakini si hivi. Wadudu wa kifua kikuu wamemwingia. Sisemi anaumwa. Mara nyingi mwili unawafungia ndani, wanalala. Mtu hakohoi, haambukizi mtu, anaweza kuishi nao hadi uzeeni asijue. Hapa tunawakuta wengi wa namna hiyo, tunawapa dawa, wanakwenda zao. Lakini kwa mtoto mdogo usingizi wao ni mwepesi. Wakiamka wanakimbia. Wakati mwingine wanapanda hadi kichwani."

Ting, ting.

"Nitajuaje kama wameamka?"

"Akilala kuliko kawaida yake. Akitapika bila sababu. Akiwa mgumu kuamka. Usingoje asubuhi wala usingoje mtu, njoo mbio. Kesho tutampiga picha, akiwa safi tunaanza dawa ya kuwamaliza wakiwa bado wamelala."

"Nimwachishe ziwa?"

"La hasha! Nyonyesha. Maziwa yako hayana neno." Nesi aligeuza kompyuta. "Kinachonisumbua ni hiki. Mtoto wa umri huu haokoti kifua kikuu njiani. Anapuliziwa, tena na mtu wa karibu. Anayembeba. Anayelala naye. Anayemwimbia. Sasa tazama."

Picha mbili zilikuwa ubavu kwa ubavu, mbavu nyeupe kwenye giza.

"Wewe huyu, na bibi yake huyu. Safi, safi. Zinavyofanana, ningeambiwa ni za mtu mmoja ningekubali."

Mama Kijiko alizitazama mbavu zake mara mbili. Upande wa kushoto, karibu na bega, kulikuwa na kifupa kilichopinda kidogo. Kilipinda kwenye zote mbili. Alihisi kila mtu duniani anakiona.

"Kuna mwingine aliyekaa na mtoto?"

"Hakuna."

Jibu lilitoka haraka mno. Nesi alimtazama, si kwa ukali. Afadhali ingekuwa kwa ukali.

"Fikiri, mama. Kumpa huyu dawa wakati mtu bado anampulizia ni kupiga deki huku paa linavuja. Na kuna wadudu wanaoshinda dawa ya kawaida. Nisipompata mwenyewe nikapima makohozi yake, nitakuwa nambahatishia mwanao. Huyo mtu yupo. Hata kama hajijui."

*

Mama Kijiko aliingia msalani, akakaa humo bila haja. Akaosha uso. Akarudi tena akaosha mikono. Alikuwa amemwacha Kijiko kwa Bibi mara tu walipotoka kwa nesi, kwa mazoea, kama mtu anavyotundika funguo penye msumari wake. Alipoliona hilo, maji yakiwa bado yanamtiririka vidoleni, alikimbia.

Chumbani palikuwa kimya. Mapazia yalivutwa kuzuia jua la mchana. Msusi alikuwa ametoka. Bibi alikuwa ameegemea mto, mtoto amelala kifudifudi juu ya kifua chake, mdomo wa bibi kwenye utosi wa mjukuu, anamwimbia kwa pumzi tu, bila maneno. Kila alipoimba, vinywele vya utosini vilitikisika.

Mama Kijiko aliviona vinywele vile vikitikisika.

"Mama, nipe mtoto."

"Si amelala? Mwache mke mwenzangu apumzike. Unamwamsha mchana huu akakufanyie kazi gani?"

"Amelala tangu saa ngapi?"

"Tangu alipochoka."

Alimchukua. Kichwa cha mtoto kilianguka nyuma kama kichwa cha mwanasesere, akakidaka. "Kijiko." Akampuliza usoni. "Kijiko, mama." Akamtekenya nyayo. Mtoto alikunja uso, akakunjua, akabaki hivyohivyo. Alikuwa wa moto, au ni mikono yake mwenyewe iliyokuwa ya baridi? Alimkalisha, akaanguka. Akamsimamisha, miguu ikakunjika. Kila alichoambiwa na nesi kilimjia masikioni kwa sauti ya kijiko, ting, ting, na chenyewe kijiko kilikuwa kimeanguka sakafuni na mtoto hakukitafuta. Alichovya ncha ya mtandio kwenye kikombe cha maji, akampangusa shingo.

Kijiko alipiga yowe la mtu aliyeonewa. Akafungua macho yote mawili, akamtazama mama yake kwa hasira safi, akanyoosha mkono chini. "Ko! Ko!"

Anataka kijiko chake. Mama Kijiko aliketi sakafuni, akampa, akakumbatia vyote viwili, akalia bila sauti.

Bibi alikuwa amekaa wima. "Leo una nini wewe?"

Namna ya kumwambia mama mkwe jambo kama lile haikufundishwa shule ya jioni wala ya asubuhi. Alianza na mkono wa mtoto. Akaeleza wadudu waliolala. Akaeleza kichwani. Alipofika kwenye mtu wa karibu, anayembeba, anayelala naye, akatazama miguu ya kitanda, akamalizia hapo.

Kikohozi kilimjia Bibi. Kwa mara ya kwanza aligeukia ukutani kukikohoa, na hakikuisha upesi.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemla mjukuu wangu," alisema kilipoisha.

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Kwa adabu, lakini umesema."

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

"Ukienda kwa nesi watanirudisha."

"Labda."

"Na wewe uliyevaa namba yangu?"

"Labda na mimi."

"Na huyu?"

Mama Kijiko alimvuta mtoto karibu. Swali hilo ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani tangu msalani. Wakimrudisha yeye, mtoto anakwenda wapi? Wakimfungia? Wakisema mama mdanganyifu hafai kuwa mama?

Bibi aliinama mbele, sauti ikashuka, ikawa tamu, ile ya kubembelezea mtu dawa chungu. "Sikiliza. Nitalala pale, mlangoni, chini. Simbebi tena. Simgusi. Alhamisi basi linaondoka, tunafika kwa mwanangu, nami naingia hospitali ya hukohuko kimyakimya kama mtu yeyote. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Si ndivyo wanavyosema?"

Mama Kijiko alitaka kukubali. Mungu anajua alivyotaka. Alikiona kitanda kidogo chenye vizuizi. Aliisikia harufu ya mkate kwenye shati la mumewe.

"Mama, nesi anasema hajui ampe dawa gani mpaka apime makohozi ya aliyemwambukiza. Atabahatisha."

"Na abahatishe. Nesi ni mtu mzima."

"Dawa ya mtoto iko kifuani mwako, mama."

Uso wa Bibi ulijifunga kama dirisha. "Ukivuka mlango huo ukasema," alisema, "usiniite mama tena."

Akajilaza, akageukia ukuta. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshauburuta mfarishi wake hadi mlangoni. Kijiko alimfuata kwa magoti, akalia kwa nini hapakatwi. Bibi akajifunika mtandio hadi kichwani asimwone. Msusi alisimama na kitana mkononi, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

*

Asubuhi nesi alikuwa akivaa glavu. "Tumtayarishe mtoto kwa picha?"

"Picha ya pili ni yangu," Mama Kijiko alisema.

"Ndiyo, ya kwanza yako, ya pili ya bibi."

"Zote mbili zangu."

Nesi alivua glavu, kidole kimoja kimoja. Hakupiga kelele. Aligeuza kompyuta, akazitazama zile picha, akasogeza uso karibu, na Mama Kijiko akajua amekiona kile kifupa. Kisha akatoka, mlango ukafungwa.

Alibaki na mtoto, na saa ya ukutani, na harufu ya spiriti. Nyayo zilikwenda, zikasimama, zikaongezeka. Mtu alisema "namba gani?" Mtu mwingine akasema neno ambalo hakulishika. Alimkumbatia Kijiko kwa nguvu hadi mtoto akamsukuma. Dirisha lilikuwa na nondo. Alijikuta akizihesabu, kisha akajiuliza anazihesabia nini, anadhani ataruka na mtoto aende wapi?

Mlango ulipofunguka, nesi aliingia na mpiga picha wa mchana, aliyeitwa kabla ya zamu yake. Hakuwa na kijiti mdomoni.

"Niliona majimaji kwenye ubao," alisema kwa sauti ndogo. "Nikadhani jasho."

"Bibi yuko wapi?" nesi aliuliza.

"Chumbani."

Hakuwemo. Mfarishi wa mlangoni ulikuwa umekunjwa, mtandio wa kulalia umewekwa juu yake, viatu havipo. Msusi, mswaki mdomoni, alionyesha nje kwa kidole: ametoka muda mrefu, hakuaga. Langoni basi la kwenda mji mwingine lilikuwa linaunguruma, watu wanapandisha mabegi. Mwanamke mzima, hana kitu, anakohoa, akitoka na lango lile nani atamwona tena? Na dawa ya mtoto imo kifuani mwake. Mama Kijiko alikimbia na Kijiko mgongoni, akachungulia basi kiti kwa kiti, dereva akimfokea. Hayumo. Chumba cha kufulia, hayumo. Msalani, hayumo.

Walimkuta kwenye korido ya kijani na nyeupe, mwisho wa benchi, mbele ya mlango wa mashine uliokuwa bado umefungwa. Alikuwa amevaa barakoa, ameivaa juu chini, waya wa puani uko kidevuni. Namba yake ilikuwa shingoni.

"Mnakimbizana na nini?" alimwuliza nesi. "Nimekaa hapa tangu wanapiga deki. Sikutaka kuja kuchukuliwa kitandani kama mwizi."

Bibi hakumtazama mkwewe.

*

Picha yake haikuwa safi. Hata Mama Kijiko, asiyejua kusoma mapafu, aliona wingu lililotanda juu, upande wa kulia. Bibi alikohoa ndani ya kikopo, kikapelekwa maabara, naye akapewa chumba cha peke yake mwisho wa jengo, chenye dirisha la kioo linalotazama uani. Ndicho kile chumba cha kupumzika. Mwanamke wa chumba cha mwisho alikuwa jirani, anafuma soksi, na sahani yake ilikuwepo.

"Kifua hakimrudishi mtu," nesi alisema. "Kinamchelewesha tu. Tunatibu, tunamwachia. Ila hili la namba litaulizwa huko juu, na sikufichi, sijui watasema nini."

Bado hawajasema. Kila mlango ukigongwa moyo wa Mama Kijiko huruka. Basi la Alhamisi liliondoka na Msusi, aliyelia hadi langoni na kuacha nywele za Kijiko zimesukwa mistari midogo isiyohitaji kuguswa mwezi mzima. Baba Kijiko aliambiwa yote kwa simu. Tanuri la mikate lilisikika likipumua nyuma yake; kisha akasema kitanda hakiozi, kitangoja.

Picha ya Kijiko ilitoka safi. Damu ya Mama Kijiko ilipimwa, akakutwa naye anao wadudu, wamelala. Alipoambiwa alishika kifua, akatembea siku hiyo kwa ncha za vidole, mpaka nesi akamcheka kwamba hawaamki kwa kelele. Na maabara ikajibu: wadudu wa Bibi wanakufa kwa dawa ya kawaida. Hivyo dawa ya mtoto ikajulikana.

Tatizo likawa kumezesha. Siku ya kwanza Kijiko aliitema ukutani. Siku ya pili aliitema usoni kwa mama yake. Siku ya tatu Mama Kijiko alitoka naye uani, pengine hewa ingesaidia, akamshika mikono, akamziba pua, mtoto akakaza meno na kupiga yowe hadi njiwa wakaruka paani. Dawa ikamwagika. Akasaga nyingine, akaikoroga kwa kijiko cha bati. Itatemwa nayo. Na kila inayotemwa, wale waliolala wanageuka ubavu.

Kioo kiligongwa.

Bibi alikuwa amesimama dirishani, kama zamani nje ya darasa, ila sasa yeye ndiye aliye ndani. Mkononi alikuwa na kikopo cha vidonge vyake. Alimtazama mtoto peke yake. Alipofungua barakoa alirudi nyuma hatua moja, ingawa kioo kilikuwepo. Akaachama mdomo wote, pengo na yote, akaweka kidonge juu ya ulimi, akakionyesha. Kisha akanywa maji akiinua kichwa kama kuku, macho yamemtoka, akameza kwa kishindo, akaachama tena: hakuna kitu!

Kijiko alinyamaza. Akacheka, kile kicheko cha tumboni. Akaachama.

Mama Kijiko alitia kijiko cha bati mdomoni, haraka, na mtoto akainua kichwa kama kuku, akameza, akaachama kumwonyesha bibi yake. Mama Kijiko naye akatoa kidonge chake mfukoni, akakimeza hapohapo bila maji.

Alipoinua uso, Bibi alikuwa akimtazama yeye. Barakoa imerudi, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na hayakuwa yamesamehe kitu. Lakini mkono ulipanda, vidole vitano vikakusanyika mbele ya mdomo, vikagusa mara mbili.

Umekula?

Mama Kijiko alitikisa kichwa. Hakuwa amekula tangu jana.

Bibi alikunja uso, akamwelekezea kidevu upande wa jikoni, mara moja, kwa amri. Mama Kijiko akambeba mwanawe mgongoni, akaenda.